Kirit Bado Ako Ndani

Fundi wa kompyuta wa Dagoretti Corner hashiki mouse kabla apanguse mikono kwa suruali, hata kama ametoka tu kuziosha. Kila mteja anamwita "jirani". Nzisa ametoka Kilimani na laptop mpya, na hajui wamekuwa majirani lini. Video ya susu yake, nyanya mzaa mama, inafaa kuonyeshwa kesho kwa mazishi yake, lakini tangu aihamishe kutoka laptop ya zamani, kila klipu imegeuka nyekundu na haichezi.

"Jirani, Kirit ni nani?" fundi anauliza, akisoma jina kwa skrini.

"Ni jamaa aliniuzia ile laptop ya zamani. Sasa anaingiaje hapa?"

"Laptop ulinunua, mwenyewe akabaki ndani. Haukuwahi toa jina yake, so video bado inatafuta susu kwa folda ya Kirit."

Nzisa anaitikia kwa kichwa, lakini hajashika kitu. Fundi anapuliza kibodi, anatengeneza folda, anaiita Kirit, anarusha klipu zote ndani. Nyekundu zinapotea moja moja. Susu anatokea akichambua maharagwe: "Nzisa, hiyo simu inanipiga picha?"

Fundi, mwenye hatoangi kofia hata kwa askari, anaitoa, anaiweka kwa magoti mpaka susu amalize kuongea.