Marumaru Zilizoelekea Kibla

Mama yangu alikuwa na sharti moja tu la kuhama Mbwera na kuja kuishi nami Kibiti: kwanza aione nyumba. Akiipenda, atafungua furushi lake. Asipoipenda, furushi litabaki na mafundo yake, naye atarudi Nyamisati kupanda boti ya Mbwera. Alinieleza hayo huku anapepeta mchele, bila hata kuniangalia. Mara ya mwisho kwenda kulala kwa watu, alikwenda kwa dada yake Ikwiriri, na kwa kuwa nyumba za barabarani zilimvuruga, alisali siku mbili ameelekea Lindi, kusini, kibla kiko mgongoni. Hakuna aliyemwambia. Tangu hapo hakuwa na hamu tena na nyumba ya mtu.

Basi nikaamua kumtengenezea sakafu. Maisha yake yote mama alikuwa akikandika sakafu ya udongo kila maji ya mto yalipoondoka, na nilitaka aingie kwangu, avue kandambili, akanyage marumaru, akose la kusema. Nilimpata fundi kutoka Mtawanya, mtu mpole, mwenye pima maji nzuri ya kusawazishia sakafu, ambayo baadaye niligundua huitumia kuchorea mistari tu. Nikamkabidhi funguo, nikaenda Mbwera kumsaidia mama kulinda mpunga.

Kule kwetu mtandao unapatikana juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu tunachokaa kufukuza ndege shambani. Siku ya pili fundi akapiga simu. Mimi niko juu, mkono mmoja nimeshika simu, mkono mwingine navuta kamba yenye makopo ya kutishia ndege. Aliuliza aanzie ukuta gani, maana upande unaoanziwa ndio hupata marumaru nzima, na vipande vya kukata huishia upande mwingine. Nilitaka aanzie kaskazini. Sasa sisi kwetu kaskazini ni kibla, ndiko tunakoelekea tukisali, na ndivyo tunavyosema hata tukimwelekeza mtu dukani. Nikapaza sauti: "Kibla, fundi. Fuata kibla." Makopo yakalia, simu ikakatika.

Niliporudi Kibiti, siku tatu kabla ya mama, nilifungua mlango nikadhani nimepata kizunguzungu. Marumaru zote za sebuleni zilikuwa zimekaa upande. Kuta zinakwenda kwao, sakafu inakwenda kwake. Nyumba yangu imefuata kiwanja, na kiwanja kimepinda kuukwepa mkorosho wa jirani, kwa hiyo haitazami kaskazini wala mashariki. Fundi alisimama katikati ya chumba kwa uso wa mtu anayesubiri pongezi. Alisema alikwenda kumwita mwadhini wa msikiti wa jirani amwoneshe kibla hasa, kwa sababu jambo la dini hakutaka kulibahatisha.

Niliwaka. Nilimuuliza ameona wapi sebule inayosali.

"Dada," alinijibu kwa upole, "si ulisema nifuate kibla?"

Na hapo ndipo pekee alipokuwa amejitahidi. Marumaru kumi na moja zilikuwa zinalia kama debe tupu ukizigonga. Moja karibu na kochi ilikuwa imeinuka pembe, nayo ilining'oa ukucha siku hiyo hiyo. Ukimwaga maji, yanakwenda chini ya kochi na kutulia huko. Tena, kwa kuwa alikata vipande vingi kuzunguka kuta zote nne, marumaru zilimwishia, akamalizia kona moja kwa marumaru ya chooni yenye picha ya pomboo. Nilipomuuliza pomboo anafanya nini sebuleni, alisema mgeni hawezi kumwona, yuko pembeni. Nikamfukuza.

Kubomoa yote kwa siku tatu haikuwezekana, kwa hiyo nikatafuta namna ya kuficha. Nikatandika mkeka. Nikiunyoosha na ukuta, unagombana na sakafu. Nikiunyoosha na sakafu, unagombana na kochi. Nikalisogeza kochi. Likawa kama mwizi alianza kulitoa akaghairi. Mwishowe nilikaa chini, karibu na pomboo, nikalia kwa hasira. Nilikuwa nimeshaliona furushi linarudi Nyamisati.

Mama alifika mchana. Aliipita ile marumaru iliyoinuka bila shida. Mimi niliyekuwa namwonesha njia ndiye niliyejikwaa. Akaketi, furushi mapajani. Nilimsimulia habari za bomba la ndani na feni. Akawa anaitikia tu, macho yako sakafuni, yanafuata mistari kutoka mlangoni hadi ukutani na kurudi. Adhana ya adhuhuri ikalia. Nikakumbuka Ikwiriri, nikataka kumwelekeza, lakini alikuwa ameshakwenda kutawadha.

Aliporudi alisimama juu ya mstari mmoja, akachungulia dirishani msikiti wa jirani ulivyoelekea, akatazama tena mstari. Kisha akafungua fundo la kwanza la furushi, akatoa msala wake, akautandika sambamba na marumaru. Hakumuuliza mtu.

Alipomaliza kusali alitaka kujua nani aliyetandaza sakafu ile. Nikaanza kumsema fundi, na pima maji yake, na ukucha wangu. Mama akanikatiza.

"Sakafu iko sawa, mwanangu. Nyumba ndo imekaa upande."

Akaendelea kufungua mafundo, moja baada ya jingine, akatoa kanga zake, na kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, na kopo la viungo vya chai. Nikaenda kusimama dirishani kwa sababu machozi yalinijia tena, na safari hii sikuwa na hasira na mtu. Nyuma yangu alikuwa anasema chumba chake nacho kifanywe hivyo hivyo, na aitwe fundi yule yule.

Asubuhi yake nilimpigia simu. Ilinibidi nimbembeleze, mimi niliyemfukuza, aje aharibu chumba cha pili kama alivyoharibu cha kwanza. Aliuliza taratibu kama bado tunafuata kibla. Nikamwambia ndiyo, kibla, na kwamba mama anauliza kama kuna pomboo mwingine.