Kesi Aliyoshinda Edina

Edina wa Marambo alishinda kesi moja tu maishani mwake, na heri angeshindwa. Aliishinda mchana kweupe, mbele ya wazee wa ukoo, dhidi ya kaka yake mwenyewe, Maximilian, yule mnunuzi wa korosho na ufuta wa Nachingwea mjini ambaye lori lake watu hulijua kwa honi kabla hawajaliona. Mwanamke wa jembe la mkono kumshinda mwenye lori si jambo dogo. Siku ile alirudi kwake kifua mbele, na njia nzima alikuwa akiwasalimia hata watu aliokuwa amenuniana nao.

Ili kesi ieleweke, ni lazima ijulikane kwamba kwa hawa Wamakua mtoto ni wa mjomba. Baba ni jogoo wa kuazima: atawika, na siku moja atarudishwa kwao. Baba wa watoto wa Edina alirudi kwao Chinongwe zamani na hakuna aliyemuuliza neno. Mjomba ndiye humtia mpwa jandoni, ndiye humwoza, na ikibidi ndiye humzika. Na mpwa akiwa na safari ya hatari, mama yake hutwanga unga wa mtama wa shamba lake mwenyewe, alfajiri, kabla hajatia kitu kinywani. Mjomba huuchukua unga huo, akaumwaga chini ya mti wa msolo na kulitaja jina la msafiri mbele ya wahenga. Padri anajua, ila Jumapili hujifanya hajui.

Edina alikuwa na wavulana wawili, Protasi na Abel. Maximilian alikuwa na wa kwake mmoja, Titus, aliyeingia jandoni mwaka mmoja na Protasi. Vijana hao walipomaliza shule, Maximilian aliita ukoo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akakohoa, akaeleza kwamba ana mtu wake anayeweza kumshika mkono kijana mmoja hadi akaandikwa jeshini. Nafasi ilikuwa moja na vijana wawili. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeona haya, kwamba alikuwa amefikiri kumpa Titus, maana ndiye damu yake ya kumzaa.

Edina alisimama hata kabla hajamaliza.

"Kaka, tangu lini mwana akamtangulia mpwa?" aliuliza. "Titus ana wajomba zake, waende wakamtafutie. Protasi hana mwingine ila wewe. Huyu ni mtoto wako, na wote hapa wamenisikia nikisema."

Wazee wakaguna kwa kukubali. Maximilian aliinamisha kichwa, kisha akasema mila ni mila, yeye ni nani hata aivunje. Mkewe, Aurelia, alijifuta machozi kwa pindo la kanga, akaingia jikoni akawapikia watu wote pilau la kuku. Mke wa aliyeshindwa kesi ndiye aliyepika pilau, na Edina akala bila kujiuliza. Mtu aliyeshindia mihogo mikavu tangu Krismasi hailazi nyama chini ili aichunguze.

Ni baadaye sana alipokuja kusikia, tena kwa Aurelia mwenyewe aliyeteleza ulimi msibani kwa watu, kwamba mama huyo alikuwa akisali novena ili jeshi lisimwangukie Titus. Sala yake ilijibiwa, na aliyeijibu ni Edina.

Titus akaenda chuo kikuu Dar es Salaam. Wenzake walipoitwa kambini kwa mujibu wa sheria, yeye alitoa cheti cha daktari kwamba ana pumu. Pumu yenyewe ilikuwa na adabu ya ajabu. Akija likizo ilimruhusu akimbie winga ya kulia kwenye viwanja vya Namungo tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, mpaka mashabiki wakampa jina la Treni.

Protasi hakuwa na pumu wala daktari. Edina alimtwangia unga, mjomba akaumwaga chini ya msolo, na kijana akaenda. Jeshi alilipenda, hilo lisifichwe. Alituma picha akiwa amevaa sare, shingo imenenepa, na Edina akaitembeza simu nyumba kwa nyumba mpaka betri ikaisha. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile alitokea mtu ambaye akiulizwa kazi yake ana la kujibu.

Kisha wakapelekwa ng'ambo ya mto Ruvuma, kwenye vita vya watu wa msituni wanaochoma vijiji. Alipiga simu mara chache. Mara ya mwisho alizungumza polepole, akasimulia kwamba walimkuta mmoja wa wale maadui amelala kwenye shamba la mihogo, kijana wa umri wake, tumbo limepasuka.

"Mama, alikuwa anaomba maji kwa Kimakua," Protasi alisema. "Maneno yale yale ya bibi. Nilipomaliza kufungua chupa, alikuwa amekwisha."

Edina alimuuliza kama anakula vizuri. Jambo hilo humchoma hata leo, kwamba neno la mwisho alilomwambia mwanawe lilihusu ugali.

Protasi alikufa kwa bomu lililofukiwa barabarani. Alirudishwa ndani ya sanduku, na watu wakaombwa kwa upole wasilifungue. Alizikwa Nachingwea, kwenye kiwanja cha mjomba, maana mjomba ndiye mwenye maiti. Turubai lilifungwa, wakubwa wakaja na magari yao, risasi za heshima zikapigwa hadi kuku wa mtaa mzima wakapotea. Mshereheshaji alipomwita mzazi wa marehemu aje apokee bendera, Edina aliinuka kutoka kwenye mkeka wa wanawake. Hakufika mbali. Maximilian alikuwa amekwisha fika mbele, suti nyeusi, mikono imenyooshwa.

"Nimemtoa mwanangu kwa taifa," alisema kwenye kipaza sauti. "Sina kinyongo."

Watu wakalia. Edina alifungua kinywa, akakutana na macho ya mzee mmoja wa ukoo aliyekuwepo siku ile ya kesi, akakifunga. Aseme nini? Huyu ni mtoto wako, na wote hapa wamenisikia. Kesi ya ukoo haina rufaa, hasa kwa aliyeishinda. Titus alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, miwani ya jua usoni, akimshikia simu. Mwaka uliofuata Maximilian aligombea udiwani, na kwenye mabango yake alikuwapo Protasi akiwa na sare, akitabasamu kwa ajili ya kura. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Akabaki Abel. Edina alijiapiza kwamba huyu hatampeleka kwa mtu, atabaki naye palepale Marambo wakilima wote wawili mpaka wazeeke. Ndilo jambo pekee alilokuwa akimwomba Mungu, na hakuona kama ni kubwa. Lakini Abel alianza kukimbia asubuhi. Mama alimwona akipita na viatu vya marehemu kaka yake, akielekea barabarani na kurudi, na hakuhitaji kuelezwa. Siku Abel aliposema kwamba mjomba amempatia nafasi, Edina alikaa chini pale pale uwanjani.

"Umemwona mwenzio alivyorudi," alimwambia.

"Nimemwona. Alirudi na bendera," Abel alijibu. "Mimi nikibaki hapa nitakuwa nani, mama? Mpakia magunia kwenye lori la mjomba. Nikianguka nalo, nani atakuja kunizika?"

Alisema bila hasira, na kwa sababu alikuwa amesema kweli, Edina alimchukia kwa muda mfupi. Hakuna aliyemshika Abel mkono kwa nguvu. Nchi hii haimlazimishi mtoto wa maskini kwenda vitani. Humfungia milango mingine yote, ikasubiri aje mwenyewe akipiga hodi.

Edina alikuwa na silaha moja. Bila unga wa mama safari haina mwenyewe, na hakuna kijana wa ukoo ule aliyewahi kuthubutu kuondoka hivyo. Mtama aliokuwa nao ulikuwa kibuyu kimoja tu, siku hizi watu hulima ufuta. Asubuhi ya safari, Abel akiwa anamtazama, alikipindua kibuyu uwanjani. Kuku wake walikuja, wa jirani wakaja, hata njiwa wakashuka.

"Haya, nenda," alisema.

Abel alichukua begi lake, akaenda kwa mjomba kama alivyo. Saa nne simu iliita. Alikuwa Abel, anacheka. Alimwambia mama asijali, Mama Titus alikuwa na sembe ya dukani kwenye paketi, na mjomba alikuwa ameitumia. Mjomba amesema unga ni unga. Basi lilikuwa linaondoka.

Hapo ndipo hofu ilipomshika Edina, hofu mbaya kuliko ya awali. Mwanawe alikuwa ameondoka kweli, na aliyemnyima baraka ni yeye, si jeshi wala mjomba. Ikitokea kitu huko, wataulizana unga ulikuwa wa nani. Alipiga magoti uwanjani akitafuta mtama mchangani kwa vidole, kati ya kinyesi cha kuku. Alipata punje tano, sita, zilizovunjika. Akamtazama tetea wake wa kijivu, yule mtagaji, aliyekuwa amekaa kivulini ameshiba. Alimkamata, akamchinja, akapasua kile kifuko cha shingoni ambamo nafaka hukaa kabla haijasagika. Mtama ulikuwemo, mzima, umelowa. Aliuosha mara nyingi huku akilia, akaukausha juu ya bati, na siku hiyo hakula. Alfajiri aliutwanga. Ukatoka unga wa kujaza kiganja kimoja.

Aliufunga kwenye pindo la kanga, akapakiwa na bodaboda hadi Nachingwea. Kwa kaka yake walikuwa wakipakia mizigo kwenye gari, wote wamependeza. Titus alikuwa anahitimu chuo, walikuwa wanawahi Dar es Salaam.

"Shikamoo shangazi," Titus alisema, akasogea ili asimchafulie joho.

Edina alimpigia magoti kaka yake, akamweleza kwamba unga halali huu hapa, amtambikie mtoto upya. Maximilian alitazama saa. Hakumfokea, ni mtu wa heshima zake. Alimshika dada yake mkono, wakaenda nyuma ya nyumba kwenye msolo, hatua chache kutoka kwenye kaburi la marehemu. Akaupokea ule unga, akauachia chini, simu ikiita mfukoni mwake.

"Wazee wetu, huyu ni mtoto wenu anayetumikia nchi," alisema kwa haraka. "Mlindeni huko aliko, mumrudishe salama. Mlindeni Protasi."

Edina alibaki amepiga magoti akingoja kaka yake ajisahihishe. Maximilian alikung'uta viganja, akapokea simu, akasema wanakuja sasa hivi, akaelekea kwenye gari.

Kiganjani mwa Edina hakikubaki kitu, na unga mwingine hakuwa nao.