Mlango wa Dani

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri wa kujutia niliyoyafanya ujanani.

Nakumbuka Jumapili moja pale Woolwich, London, miaka michache baada ya mapinduzi kututoa Unguja. Chumba changu kilitazamana na cha Dani, Muairishi tuliyebeba naye matofali kazini. Wakati wa chai hakuchoka kunisimulia kijiji chao: udongo mweusi wanaouchimba, wakaukausha na kuuchoma kama kuni, na mti wa miiba katikati ya shamba ambao mama yake hakuruhusu ukatwe, kwa kuwa una wenyewe.

"Kumbe hata nyinyi mna mashetani!" nilimcheka.

"Wetu hawajafika London," akajibu. "Wanamwogopa mwenye nyumba."

Jumapili hiyo ilimfikia habari kuwa mama yake amefariki, na mazishi asingeyawahi. Kwa mila ya kwao ya msiba, akaisimamisha saa ya ukutani, akafunika kioo kwa shuka, akapanga vikombe sita, akauacha mlango wazi. Kwao, jirani huingia bila kubisha, akampa mkono mfiwa, wakakaa kumzungumza marehemu.

"Njoo ukae nami, Hamadi."

Nami, kijana niliyejiona nimesoma, nikamjibu palepale mlangoni: "Saa na kioo! Ushirikina huo siuwezi." Hadi adhuhuri nikaviona vikombe vyake vimekaa vikavu.

Alasiri nikamhadithia Mzee Salim, aliyekuwa akitusalisha, nikitarajia kusifiwa.

"We, nani kakwambia ufunike kioo?" akanikemea. "Umeitwa kukaa na mfiwa. Mtume wetu lilimpita jeneza la Myahudi, akainuka kwa heshima. Wewe kukaa kitako tu kumekushinda?"

Nikarudi mbio. Mlango umefungwa. Nikabisha, Dani akaufungua nusu. Vikombe vilishaoshwa.

"Tumeshamaliza," akasema.

Tumeshamaliza, na alikuwa peke yake.

Mwezi uliofuata alihama, wala sikumwona tena. Mwaka haukwisha ikaja barua kuwa mama yangu amezikwa Unguja, nami kurudi siwezi. Mzee Salim alikuwa keshatangulia mbele ya haki. Nikauacha mlango wangu wazi tangu asubuhi hadi magharibi. Watu walipita ngazini. Hakuingia mtu.

Mwanangu, wewe unayenielewa kisha ukanijibu kwa Kiingereza, lishike hili kwa lugha yoyote: jirani akifiwa, ingia. Usianze kumkagua dini yake kizingitini. Kaa, unywe chai yake, umsikilize habari za mama yake. Imani yako haitapungua, na saa ile ikishapita hairudi.

Mungu akujaalie siku ya msiba wako mlango usikose mtu, na anisamehe mimi niliyemnyima mwenzangu. Amin.