Taya la Mpendae

Mjomba wangu alipoanza kujenga Mpendae, mimi nilikuwa mwaka wa pili kazini. Nilikuwa nikifundisha bayolojia katika skuli moja ya sekondari mjini Unguja. Walimu wengi wa zamani walikuwa wameshaondoka baada ya Mapinduzi, na sisi tuliomaliza masomo juzi tu ndio tuliowekwa mahali pao. Nilikabidhiwa ufunguo wa maabara, hadubini moja, chupa za vyura waliokwisha kupauka, na vitabu vitatu. Kimoja kilikuwa cha meno na mifupa ya kale, na hicho nilikisoma mpaka jalada likatoka.

Humo ndimo nilimojifunza kwamba jino ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Kwa sababu hiyo, wanaotafuta watu wa zamani za kale mara nyingi hupata meno na vipande vya mataya tu, vingine vyote vimeshaliwa na udongo. Katika meno hayo machache husoma mengi: huyu alikula majani, huyu alisaga mbegu, huyu alikufa mdogo. Bwana misitu mmoja alinipa fuvu la kima punju aliyeokotwa katika msitu wa Jozani, nikawa nalilinganisha na meno yangu mwenyewe kwenye kioo. Magego ya kima yalikuwa na kingo mbili kali za kukatia majani. Yangu yalikuwa na vilima vya mviringo, kama yalivyo ya sokwe, na jambo hilo lilinisisimua. Kule bara, Olduvai, watu walikuwa wakichimba mafuvu ambayo dunia nzima iliyazungumzia. Mimi nikawa najiuliza kwa nini Unguja isipate lake, na kwa nini asilipate mwanamke wa Kiunguja.

Nasema haya ili ieleweke nilikuwa katika hali gani siku ile.

Ilikuwa Jumapili. Nilikwenda Mpendae kumpelekea mjomba na wachimbaji wake chakula. Mpendae wakati huo ilikuwa bado minazi na mihogo, na nyumba mojamoja. Walikuwa wakichimba shimo la choo, na shimo limeshafika kifuani mwa mtu, mmoja wao alipoacha jembe akasema pana mifupa. Mjomba alishuka mwenyewe. Aliitoa mmoja mmoja kwa mikono, akaiweka juu ya kitambaa cheupe alichotuma kiletwe kutoka kwa jirani.

"Huyu ni mtu," alisema. "Tutamhamishia upande wa pili wa kiwanja, kwenye kivuli. Tusali kwanza alasiri, kisha tumzike."

Akaniambia nimfunike mpaka watakaporudi.

Nilipopiga magoti kukunja kitambaa ndipo nilipoliona taya la chini, zima, na pembeni yake kipande cha taya la juu. Meno ya mbele, ya juu na ya chini, yalikuwa yamechongoka, kila moja kama ncha ya kisu. Sikuwahi kuona kitu kama kile, wala kitabu changu hakikuwa na picha yake. Nilivifunga vipande vile viwili ndani ya leso yangu, nikavitia chini ya kikapu, juu yake nikaweka sahani.

Mjomba aliporudi hakuhesabu mifupa. Alifunga kitambaa, akakishusha kwenye kaburi dogo lililochimbwa upya, akamwombea marehemu asiyemjua. Wote tukaitikia amin. Na mimi nikaitikia, kikapu kikiwa miguuni pangu.

Nyumbani nilisafisha taya kwa mswaki na maji ya uvuguvugu. Nilikaa nalo usiku mzima. Sitajisingizia kwamba sikuwa na elimu ya kutosha. Niliona lina kidevu. Niliona mfupa ni mwepesi, haujageuka jiwe. Niliona gego la mwisho ndiyo kwanza linachomoza, jambo ambalo kitabu kilinieleza maana yake. Vyote niliviona na nikavipita, kwa sababu nilishajiamulia nataka liwe nini.

Wiki ile ile nililipeleka darasani. Nilikuwa na wasichana wa kidato cha pili, thelathini na kitu. Niliweka fuvu la kima upande mmoja wa meza na taya upande wa pili.

"Hili limetoka katika ardhi yetu wenyewe," niliwaambia. "Limelala humo maelfu ya miaka. Tazameni meno haya ya mbele. Huyu hakuwa mtu kamili. Alikuwa bado yuko njiani kuwa mtu."

Walisogea. Mmoja alikenua meno akaunguruma, wenziwe wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa furaha ya mwalimu ambaye somo lake limependwa. Kisha msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akainua mkono. Alikuwa mpole, hasemi mpaka aulizwe.

"Mwalimu," alisema, "bibi yangu ana meno kama hayo."

Darasa likaripuka kwa kicheko. Alisimama pale akiwatazama, hajui wamecheka nini.

"Kaa chini," nilimwambia. "Hatufanyi mzaha hapa."

"Sifanyi mzaha, Mwalimu."

"Nimekwambia kaa chini."

Akakaa.

Baada ya siku chache, mtaalamu mmoja wa mifupa kutoka bara alipita Unguja kutazama mapango ya huko mashamba, na mkuu wa skuli akamleta maabara. Nilimtolea taya kwa fahari kubwa. Aliligeuza mara mbili, akapitisha kidole juu ya ncha za meno, hakusema kitu mbele ya mkuu wangu. Aliomba achukue vipande vyote viwili akavitazame kwa vyombo bora. Nilikubali kabla hajamaliza kuomba. Nilishaanza kufikiri jina langu litaandikwaje.

Barua yake ilifika baada ya mwezi na zaidi. Ilikuwa ya adabu. Alisema taya lile ni la binadamu kama yeye na mimi. Lina kidevu, na kidevu hakionekani kwa sokwe wala kwa watu wa kale kabisa. Chonge zake hazizidi meno ya jirani, kama zinavyozidi kwa nyani. Meno ya mbele yalichongwa kwa chombo cha chuma, mwenyewe akiwa hai, na baada ya hapo akayatumia miaka kadhaa, kwani ncha zake zimelainika kwa kula. Gego la mwisho lilionyesha ni kijana, labda wa miaka kumi na minane au ishirini. Mwili wake haukukaa ardhini miaka mingi, labda umri wa mtu mzima mmoja tu. Mwishoni akauliza kama karibu na nilipolipata palikuwa na makaburi.

Nilisoma barua ile nimesimama kando ya kabati. Nataka niseme kwamba fikra yangu ya kwanza ilikuwa juu ya yule msichana. Haikuwa hivyo. Kwanza nilifikiri nitamwambia nini mkuu wa skuli. Msichana alinijia baadaye, nilipokuwa nafunga dirisha, na alipokuja hakuondoka tena.

Siku ya pili nilimwita baada ya kipindi.

"Naam, Mwalimu."

"Nataka kwenda kumwamkia bibi yako."

Alinitazama kama anayepima neno. "Kuna kosa nimefanya?"

"Huna kosa," nilisema. Hapo ndipo ningemwomba radhi. Sikumwomba.

Walikuwa wakikaa Ng'ambo, nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa mbele. Bibi alikuwa uani amekaa kwenye kibao, anamenya muhogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alitabasamu, nikayaona. Yalikuwa machache, uzee umeyapunguza, lakini ya mbele yaliyobaki yalikuwa na ncha zile zile. Na uso wenyewe ulikuwa wa mwanamke aliyewahi kuwa mzuri na anajua.

"Mjukuu wangu kanambia mna mtu skuli," alisema.

"Ni taya tu, Bibi. Lina meno yaliyochongwa."

"Kama haya?"

"Kama hayo."

Aliweka kisu chini. "Mimi nilichongwa nikiwa na umri wa huyu," alisema, akimwonyesha mjukuu wake kwa kidevu. "Kwetu bara, karibu na mto Ruvuma. Iliuma, lakini hakuna aliyelia, maana msichana mwenye meno mapana walimcheka. Walisema meno yasiyochongwa ni ya mnyama. Mtu ndiye anayeyachonga."

Msichana alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ananitazama mimi, si bibi yake. Mimi nilitazama maganda ya muhogo.

"Mmelipata wapi?" bibi aliuliza.

Nilimwambia Mpendae, kwenye kiwanja cha mjomba wangu. Nikamweleza kilipo.

"Pale palikuwa shamba la minazi," alisema. "Waume zetu walikuwa wakwezi, sisi tukikausha mbata. Nilikuja na mwenzangu mmoja, tulichongwa siku moja, mkeka mmoja. Alikufa na mimba yake mwaka wa pili. Tulimzika pembezoni mwa shamba, mume wake akaweka jiwe. Shamba likabadilisha mwenyewe, jiwe sijui nani kaliondoa." Kisha akaniuliza, "Huyo wenu mzee au kijana?"

"Kijana, Bibi. Gego lake la mwisho lilikuwa ndiyo kwanza linatoka."

Alitikisa kichwa polepole. "Mwenzangu lilimsumbua jino la nyuma. Miezi yake ya mwisho alikuwa akitafuna upande mmoja tu. Nikimpondea muhogo." Akachukua kisu, akakiweka tena. "Huenda si yeye. Walizikwa wengi pale. Lakini hata kama si yeye, ni mtu wa watu. Liko wapi nilione?"

"Liko bara. Mtaalamu kalichukua."

"Litarudi?"

"Litarudi, Bibi."

Nilisema hivyo bila ya kujua, kwa kuwa sikuweza kusema jengine mbele ya macho yale. Sikumwambia vilevile kwamba nilisimama mbele ya wajukuu wa watu nikasema mwenye meno hayo hakuwa mtu kamili. Kama mjukuu wake alimwambia, yeye hakunionyesha.

Niliandika barua bara siku ile ile. Darasani nilisema kwa haraka haraka kwamba taya limetazamwa na limeonekana kuwa la mtu wa zama zetu, kisha nikageukia ubao nikaanza habari za mizizi. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeuliza. Yule msichana alikuwa ameinamia daftari lake, na toka siku hiyo hakuinua tena mkono katika kipindi changu.

Barua yangu ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa na mtu mwengine: mtaalamu amepata kazi nchi nyengine, vitu vyake vimewekwa stoo, watatafuta. Ya tatu walisema wametafuta, hawakuona. Kila baada ya wiki mbili tatu msichana alinisubiri nje ya maabara.

"Mwalimu, Bibi anauliza kama limerudi."

"Bado. Mwambie bado."

Alikuwa anasema "Vyema" na kuondoka. Sikumwambia kuwa limepotea. Mwaka ulikwisha hivyo, na masika yaliyofuata bibi yake akafariki. Nilikwenda mazikoni, nikakaa kwenye mkeka na wanawake wengine. Mmoja wa walioosha maiti alisema marehemu uso wake ulikuwa umetulia, kama anayesubiri kuulizwa kitu. Nilivuta buibui usoni nikalia, na watu wakadhani nina imani kubwa kwa wafiwa.

Baada ya arubaini ndipo nilipokwenda kwa mjomba. Nyumba ilikuwa imeshakwisha, amekaa barazani na tasbihi. Nilimweleza yote toka mwanzo. Hakunikatiza.

"Siku ile uliitikia amin," alisema nilipomaliza.

"Naam, Mjomba."

"Basi mimi nilimzika mtu hana kinywa." Akazungusha tasbihi mpaka mwisho. "Elimu yako siichukii. Mimi mwenyewe ndiye niliyekupeleka usome. Lakini ungenambia nikupe ulitazame, ningekupa. Ungelitazama hapa hapa, ukalirudisha."

Hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana lilikuwa kweli. Sikuwahi hata kufikiria kumwomba.

Niliendelea kufundisha. Somo la mataya nililifundisha kila mwaka, kwa michoro ya ubaoni, nikianza na kidevu. Niliwaeleza wanafunzi kwamba sisi na sokwe tuna magego yanayofanana kwa sababu tuna mababu wa pamoja wa zamani sana, na niliamini hivyo, na bado naamini. Lakini kila nilipofika kwenye meno ya mbele, sauti yangu ilikuwa ikipungua, na nadhani walioko nyuma hawakunisikia vizuri.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikutana na yule msichana sokoni Darajani. Alikuwa mwanamke sasa, anafanya kazi ya uuguzi, ana mtoto wa kike mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

Aliniuliza habari za skuli, nikamjibu. Alikuwa anataka kuendelea na safari yake nilipomshika mkono. Nilimwambia pale pale, mbele ya wauza ndimu: kwamba taya lilipotea zamani na nilijua, kwamba bibi yake nilimdanganya, kwamba siku ile darasani yeye ndiye aliyekuwa akisema kweli na mimi nikamwambia akae chini. Maneno yalinitoka ovyo, hayana mpango.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Bibi alijua limepotea," alisema. "Alikuwa ananituma tu usije ukasahau."

Kisha akanishukuru, akanunua ndimu zake, akamchukua mtoto wakaenda zao. Kama alinisamehe, hakusema, na mimi sikuona kwamba nina haki ya kumwuliza.