Kopo la Mtama

Saa sita mchana, jua linapiga mpaka kitandani, baba aliniuliza, "Mwanangu, kumekucha?"

Nikajua mzee ameanza kuchanganyikiwa. Siku mbili baadaye akafariki.

Hii stori sijawahi kumsimulia mtu. Leo naitoa, nipumue.

Baba alikuwa mwashi mstaafu. Kila asubuhi aligonga kopo la mtama kwa kijiko, ko ko, na shomoro wakajaa uani. Kiangazi aliwawekea maji kwenye beseni. Masika alimwaga mtama chini ya upenu, usilowe. Mwaka mzima hakosi.

Kisha lazima aulize, "Leo wamekuja wangapi?"

"Baba, nina kazi bwana!"

Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapohapo barazani, mgongo nimempa yeye. Moyoni nasema, huyu mzee anadeka tu. Macho anayo, si ahesabu mwenyewe?

Kiangazi kilichopita, shomoro mmoja akachafua gauni la bibi harusi. Jeupe pee, nimelitundika, mwenyewe yuko njiani kulichukua! Nilipandwa na hasira, we acha tu. Nikamwaga maji ya beseni, kopo nikalificha kabatini chini ya vitambaa.

Kesho yake nikamsikia baba anapapasa rafu. Anapapasa weee.

"Mwanangu, umeliona kopo langu?"

"Sijaliona."

Hakuuliza tena. Ndege nao wakahama. Baba akawa analala mchana, anaamka ovyo ovyo, chakula hataki. Wiki tano tu, tukamzika.

Siku ya tatu ya msiba akaja jirani yetu, nesi wa kliniki ya macho, kunipa pole.

"Dada, ulikuwa unamwongozaje humu ndani?"

"Kumwongoza? Kwani alikuwa na nini?"

Akanitazama. "Baba yako alikuwa haoni. Tangu masika ya mwaka jana, hata mwanga."

Nyumba hii aliijenga kwa mikono yake, kila ukuta anaujua. Hakuwahi kujikwaa hata siku moja.

"Aliniapisha nisikwambie. Alisema ukijua utaacha kushona, ukae umshike mkono. Nikamuuliza, sasa mzee, utajuaje kumekucha, na cherehani inalia mchana na usiku? Akacheka. Akasema ndege wake watamwambia."

Nililia mpaka sauti ikakauka. Baba yangu aliishi wiki tano bila asubuhi, na aliyemnyima ni mimi.

Ndugu yangu unayesoma, ukimwona mzee wako ameng'ang'ania kitu unachokiona cha kijinga, muulize kwanza kinamsaidia nini. Mimi sikuuliza. Na yeye alipouliza, nilimpa mgongo.

Ilinichukua mwezi mzima kugonga kopo kabla shomoro wa kwanza hajarudi. Siku hizi cherehani nimeigeuza, inatazama uani. Nahesabu kwa sauti, kuelekea kiti chake.

Leo wamekuja kumi na mmoja, baba.