Mkanda Ulionuka Sifa

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote katika kazi yangu ya ufundi ni asubuhi moja kisiwani Kudha, kusini mwa Kismayo, nilipofungua kifuniko cha mkanda cha mashine mpya, isiyo na hata mkwaruzo, nikapaka sifa ndani yake. Naanza na kosa lenyewe kwa sababu nikichelewa kulitaja nitalipamba. Najijua.

Nakuita mwanangu ingawa mimi mwenyewe sijafika umri wa kuitwa mzee. Nina miaka thelathini na miwili, na ndevu zangu bado hazijakubaliana zitoke upande gani. Lakini wazee waliopaswa kukukalisha chini na kukueleza mambo haya wengi wametawanyika, wengine wako Mombasa, wengine ughaibuni, na yule aliyenikalisha mimi hana tena pumzi ya maneno marefu. Basi nakupa nilichopewa.

Ujue kwanza kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikitawadha narudia. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza Mombasa, tulikokuwa wakimbizi, kwa kufungua pikipiki zilizokufa na kutazama video kwenye simu, na kwa kuwa nilijifunza peke yangu, nilibaki na hofu kwamba kuna jambo wanalolijua mafundi wote isipokuwa mimi. Hofu hiyo niliificha kwa kufanya kazi safi kupita kiasi. Boliti ya kukazwa mara moja mimi niliikaza, nikailegeza, nikaikaza tena. Tuliporudi Kismayo nikafungua karakana ndogo, watu wakaanza kuniita fundi, nikafurahi, na hofu ikazidi.

Wakati huo watu wa Kudha walikuwa wameletewa na jamaa zao walioko nje pikipiki ya magurudumu manne, ile yenye matairi manene ambayo hupita mchangani bila kuzama, pamoja na trela yake ndogo. Kazi yake ilikuwa kubeba madumu ya maji, na mgonjwa akizidiwa, kumpeleka upande wa pili wa kisiwa kwenye maji ya kina. Wakati wa bamvua, maji yakishakupwa, hakuna boti inayoweza kusogea mbele ya kijiji. Wakaipa jina, wakaiita Kaa. Mimi nikaitwa kutoka Kismayo niikague na nikae nayo mpaka izoee mazingira.

Usidhani chombo ni kizima kwa sababu ni kipya. Kaa alikuja na kasoro zake. Boliti mbili za gurudumu la nyuma zilikuwa zimekazwa kama kwa vidole. Waya wa betri ulikuwa umelegea, ndiyo maana alikuwa akizimika kila akiruka shimo. Nilipomwaga oili ya kwanza baada ya siku chache, ilitoka ikimeremeta kwa unga wa chuma, kama maji yaliyooshewa samaki wenye magamba. Hayo yote niliyarekebisha, na niliyarekebisha vizuri. Kismayo walikuwa wakicheka kwamba mashine za siku hizi ni za karatasi, nami nilitaka hii iwafunge midomo.

Hapo ndipo nilipopita mpaka. Kwetu chombo ni kila kinachochukua watu, kiwe cha majini au cha nchi kavu, na chombo kipya hakiaminiwi mpaka kipakwe sifa. Sifa ninayosema ni yale mafuta ya ini la papa ambayo mafundi hupaka mbao za mashua zisioze. Mtoto wa kwetu huijua harufu yake kabla hajajua kutembea. Bibi mmoja alipita akaniuliza kama Kaa keshapakwa, akacheka mwenyewe, akaenda zake. Yeye alitania. Mimi nikatazama chumvi iliyokwisha kuanza kula vichwa vya boliti, nikaona kweli, kiwanda hakiijui bahari yetu. Nikapaka fremu. Nikapaka chini ya madigadi ya matairi. Kisha nikafungua kifuniko cha mkanda, ule wa mpira unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, nikapaka kuta za ndani na migongo ya puli mbili zinazouzungusha, tabaka nene, mpaka kwenye pembe ambazo jicho halifiki.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha lugha nisiyoisoma. Lakini kulikuwa na picha ya mkanda, na kando yake tone lililokatwa kwa mstari mwekundu. Niliiona. Nikasema moyoni kwamba picha hiyo inakataza oili, na sifa kwetu si oili, ni dawa ya chombo.

Watu wakaja kutazama kazi. Wakanisifu, na nakiri kwamba maneno yale nilikuwa nikiyangoja tangu Mombasa.

Wiki nzima Kaa alikwenda bila tatizo, kwa kuwa safari zilikuwa fupi na mle ndani hamkupata joto la kuyeyusha nilichopaka. Siku ya nane, Mwanaesha, mke wa mvuvi mmoja aitwaye Omari, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake. Mkunga wetu, Bi Fatuma, akatoka nje asubuhi akasema mtoto amekaa vibaya, lazima wafike hospitali Kismayo. Maji yalikuwa yamekupwa. Boti iliyokuwa imetia nanga nje, kwenye maji ya kina, ikazungushwa upande wa pili, na Athmani, dereva ambaye kijiji kilimchagua kwa upole wa mkono wake, akamlaza Mwanaesha kwenye trela, juu ya magodoro mawili. Bi Fatuma akakaa ubavuni mwake. Mimi na Omari na wengine tukafuata kwa miguu.

Walipofika nusu ya njia, kwenye mchanga mlaini, injini ikanguruma na magurudumu yakasimama. Athmani akapunguza mafuta, akaongeza taratibu. Ikawa ngurumo tu. Moshi mwembamba ukatoka ubavuni mwa mashine. Mwanaesha aliuma pindo la leso yake, hakupiga kelele, na mimi ningependa angepiga. Bi Fatuma hakungoja mashauri yetu. Akawatuma wanaume wakimbilie kitanda kijijini, na tukambeba wanne wanne, tukipokezana, jua la saa nne likituchoma, mpaka botini. Nilishika mguu wa nyuma wa kitanda, upande wa kushoto. Njia ile ni fupi, lakini siku ile haikwisha.

Nisikuweke roho juu: walipona wote wawili. Bi Fatuma alipiga simu alasiri akasema ni mtoto wa kike, na mama amepoteza damu nyingi lakini yu hai. Omari alipopata habari hiyo alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Kisha wakanitazama mimi. Tulikuwa tumeikokota mashine mpaka kijijini, nami nikafungua kifuniko mbele ya wanaume wote. Mkanda ulikuwa unang'aa kwa mafuta, kingo zimeungua. Harufu ilikuwepo, lakini Kudha kila kitu kinanuka sifa, nani angeishangaa? Nilijua palepale. Na palepale Omari akauliza, "Ni nini, fundi?"

Nikasema mkanda wa kiwandani ni mbovu. Kisha, kwa kuwa macho hayakuniondoka, nikaongeza kwamba huenda Athmani alivuta mafuta mno mchangani.

Mwanangu, nilijificha nyuma ya lile neno "huenda". Waliosikia hawakulichukua. Baada ya siku mbili kila mtu alikuwa akisema Athmani ndiye aliyeunguza mashine na mja mzito ndani yake. Athmani akarudisha ufunguo kabla hajaombwa. Watu walimwamkia kama kawaida, lakini hakuna aliyemwita kwenye chai. Omari, aliyekua naye tangu utotoni, akaanza kuswali upande mwingine wa safu. Wengine wakataka Kaa arudishwe alikotoka, wakisema heri punda, punda hana mkanda wa kuungua. Nami nikawa naamka kila siku, naosha spana zilizo safi.

Siku ya tisa tangu mkanda uungue, baada ya Adhuhuri, alikuja Mzee Shee. Ni mkalafati, kazi yake kuziba nyufa za mashua kwa pamba iliyolowa mafuta, na mikono yake imekuwa rangi ya mbao anazozishika. Akaomba aone mkanda. Akausogeza puani, akausugua kwa dole gumba.

"Hii imepikwa," akasema.

Nikachukua spana, nikaanza kuifuta.

"Sifa ikipikwa hunuka hivi. Nimeichemsha tangu sijaota ndevu. Nani kaitia humu?"

"Mimi, babu."

"Athmani ajua?"

"Hajui."

Akavuta dumu akalikalia. Nilingoja anipigie kelele, lakini sauti yake ilibaki palepale. "We mchu wa ajabu," akasema; mtu kwetu ni mchu. "Boliti moja waikaza mara tatu, na jina la mwenzio umeliacha limelegea."

Nikamweleza kwamba niliogopa wangejua sikufundishwa na mtu. Mzee Shee akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia hilo walilijua tangu siku ya kwanza, maana fundi aliyefundishwa hamtazami Kaa kama anayetahiniwa. Waliniita kwa sababu nikishindwa siondoki. Kisha akanieleza, polepole, kama mtu anayemweleza mjukuu, kwamba mbao hunywa sifa, ndiyo maana hupakwa. Mpira hauinywi, huteleza juu yake. Yeye mwenyewe ujanani aliwahi kuipaka kamba ya nanga ili isioze, na kamba ikamponyoka mkononi, nanga ikazama na kamba yake yote.

"Kutojua hakuna wa kukulaumu," akasema. "Lakini Omari kakuuliza ni nini, nawe ushajua. Hapo ndipo penye lawama. Ulipaka sifa, ukapewa sifa, na sasa zote mbili zanuka." Akainuka akishika magoti. "Leo, baada ya Alasiri, kabla watu hawajatawanyika. Na usiseme huenda. Nilikuwapo."

Baada ya Alasiri nilisimama kwenye baraza ya msikiti na mkanda mkononi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanitoka. Nikasema tu: sifa niliipaka mimi ndani ya mashine, ndiyo iliyoteleza, Athmani hakukosea kitu, na nilijua tangu siku ile.

Omari aliinuka. Akapita mbele yangu, akaenda kusimama kando ya Athmani.

Athmani ndiye aliyesema. "Siku tisa nimekunywa chai peke yangu kwa ajili ya ini la papa?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akanijia akaniambia, "Kaifungue tena, walaal, ndugu yangu. Safari hii nitakaa hapo nikikutazama."

Alikaa kweli. Tuliosha puli na kuta zote kwa petroli, tukafuta mpaka kitambaa kikatoka kikavu, tukafunga mkanda mpya ulioletwa na boti kutoka Kismayo. Nilipotaka kuwakabidhi wanakijiji mashine, Athmani akakataa. Akapakia madumu manane yaliyojaa, akanikalisha mimi juu yake, akaniendesha mpaka upande wa pili na kurudi mara tatu juani, kwenye mchanga uleule. Kila nilipouliza kama imetosha, alisema bado.

Mwanaesha aliporudi alinikuta nikiwa kwa Bi Fatuma. Nikainuka nimwombe radhi. Akaniacha nimalize yote, mtoto akinyonya, kisha akasema, "Fundi, nilidhani naenda kufa kwa siku yangu. Kumbe nilikuwa nafa kwa usafi wako." Bi Fatuma akaficha mdomo kwa mtandio. Mwanaesha akanisamehe, lakini mtoto hakunipa nimshike mpaka zilipotimia siku arubaini, akasema mikono yangu kwanza itoke harufu.

Basi nakunasihi hivi, mwanangu. Ukiletewa mashine mpya, usiiamini wala usiitukane. Ikaze, imwage oili ya kwanza mapema, itazame waya zake, kisha itwishe mzigo mzito kwenye njia mbaya kabla hajapanda mtu anayeitegemea. Kilichotushinda siku ile kilikuwa kimejificha kwenye safari fupi. Usiongeze kitu ambacho aliyeitengeneza hakukiweka mpaka umeuliza, hata kama kitu hicho kimewafaa babu zako kwenye vyombo vyao. Kitabu ukiwa huwezi kukisoma, mtafute anayekisoma. Mimi nilikuwa na simu mkononi na jamaa ng'ambo tele, nikaona haya kuuliza maana ya tone lililokatwa.

Na kama wewe pia ni mtu wa wasiwasi, mimi sitakuambia uache, maana mimi sijaweza. Nakuomba tu wasiwasi wako uuelekeze kwa mtu atakayeumia, usiuelekeze kwako utakavyoonekana. Ukiulizwa ni nini, nawe unajua, sema wakati huohuo. Siku ya pili ni ngumu zaidi, na ya tisa nimekusimulia. Wanaokuita fundi hawangoji uwe huna kosa. Wanangoja uwaambie palipoharibika.

Mola akupe mkono mwepesi na ulimi usiokimbia. Akujaalie watu wa kukuambia ukweli bila kukupigia kelele, na anayepanda chombo ulichokigusa afike salama kwa watu wake.

Mimi sasa kila mashine ninayoitengeneza naandika kwenye karatasi nilichofanya na nisichokijua, namsomea dereva, namwachia. Athmani ndiye anayeendesha Kaa mpaka leo, na kifuniko cha mkanda hakifunguliwi bila yeye kuwepo. Bado nakaza boliti mara tatu. Lakini nikikosea, nasema siku hiyohiyo.