Nilimvisha Wifi Mkufu wa Chupa za Hitima

Admin, naomba unifichie jina. Nimenakili kutoka kwenye daftari langu.

Jumapili, tarehe 12. Asubuhi mawingu, manyunyu kidogo.

Nina miaka 31, nimeolewa, naishi Isevya hapa Tabora. Natengeneza mikufu na hereni kwa chupa za plastiki. Nakata maua kwa mkasi, nayapitisha juu ya mshumaa mpaka yajikunje, natoboa kwa sindano ya moto. Mama mkwe huniita "mwokota makopo". Ukweni alinipenda baba mkwe peke yake. Akirudi msikitini alikuwa na chupa mbili tatu mfukoni mwa kanzu: "Mkwe, nimekuletea almasi zako."

Alifariki mwaka jana. Watu walipomaliza hitima yake waliacha chupa za maji uani. Nikaziokota, nikaziosha, nikazitunza. Wifi yangu alipochumbiwa nikamfanyia mkufu wa maua ya buluu kwa chupa zile, ili baba yake naye awepo harusini. Nilipanga kumwambia faraghani.

Jana wanawake walijaa uani wakimpamba, kila mmoja anausifu. "Wa Dubai huo?" Wifi akajibu, "Dubai, shoga yangu, wa wapi tena?" Iliniuma. Nikasema mbele ya wote: "Nimeutengeneza mimi. Ni chupa za hitima ya baba."

Wifi akaukata shingoni, akautupa kwenye jiko la mkaa. "Unanivisha msiba siku ya ndoa yangu? Mchawi mkubwa!" Nikaingiza mkono kuutoa. Mama mkwe akasema, "Mwacheni aokote, si ndiyo kazi yake?" Wakacheka. Vidole vitatu vina malengelenge, naandika kwa shida.

Leo mume wangu ametoa masharti. Ijumaa, mbele ya ukoo, nichome kazi zangu zote na nikiri kwamba nilitaka kumroga dada yake. Nikikataa nirudi kwa mama yangu, kijijini Goweko, na binti yetu abaki.

Nikamwambia, "Baba Zuhura, unajua mimi si mchawi."

"Najua," akasema, hakuniangalia. "Lakini mama anataka."

Nikikiri, Isevya nzima itaniita mchawi, na mwanangu ataitwa mtoto wa mchawi. Nikikataa, atalelewa na mama mkwe. Ndugu zangu, nichague lipi?

Zuhura ameshalala. Ngumini ana ua moja la buluu, sijui aliliokota saa ngapi. Sikumnyang'anya. Nalala sasa, saa tisa kasoro robo usiku.